Mashine Imekufa, au Stima Haijafika?

Somo la leo ni juu ya vyombo vya sauti na picha: amplifaya, spika, televisheni, king'amuzi, hata deki ya video kwa wale ambao bado wanayo. Vikundi vingi vya hapa Bukura na vijiji jirani hununua vyombo hivi kwa pesa za mchango, kisha huvikodisha pamoja na hema na viti. Kwa hiyo mashine ikinyamaza si sauti tu iliyopotea. Kuna pesa ya kikundi hapo, na kuna familia imekaa matangani inangoja watu wasikie.

Nitaanza na kisa. Kikundi kimoja cha akina mama, ambacho nakijua vizuri, kilikuwa na amplifaya ya wati 60 na spika mbili za honi. Ijumaa moja jioni walijaribu mashine, kwa sababu kesho yake walikuwa wameahidi kuipeleka kwenye mazishi. Kimya. Hata ile taa ndogo ya mbele haikuwaka. Kijana akatumwa mjini kwa boda boda, mashine imefungwa nyuma kwa mpira. Fundi akatingisha kichwa. "Mama, transfoma imeungua." Wakalipa. Mashine ikarudi ikiwaka, na baada ya wiki mbili ikanyamaza tena. Hapo sasa mweka hazina akaanza kuangaliwa kwa jicho baya, ati pesa zimekwenda wapi.

Waliponiita sikufungua mashine. Nilishika waya wake pale unapoingia kwenye plagi, nikauchezesha kidogo. Taa ikawaka, ikazima, ikawaka. Tukachomoa plagi ukutani, tukaifungua kwa bisibisi, na ndani tukakuta waya wa kahawia umeshikiliwa na uzi mmoja tu wa shaba. Nyuzi nyingine zote zilikuwa zimekatika kwa kuvutwavutwa. Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Walikuwa wamelipa pesa ya transfoma, na ugomvi juu yake.

JINSI STIMA INAVYOFIKA

Wengi wetu tumejenga chemichemi. Tunajua kwamba maji yasipofika kwenye mtungi hatuanzi kwa kuvunja mtungi. Tunatazama bomba, tunatazama kisanduku, tunapanda mpaka penye jicho la maji. Stima ni hivyo hivyo. Hutoka kwenye nguzo, ikapita kwenye mita, ikafika kwenye soketi, ikaingia kwenye plagi na fyuzi yake, ikafuata waya mpaka kwenye swichi ya mashine, ikapita fyuzi ya pili, ndipo ikaingia kwenye kile ambacho mafundi hukiita pawa saplai, au pawa tu.

Pawa ni tumbo la mashine. Stima ya ukutani hapa Kenya ni volti 240, tena ni ya kwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Mashine yenyewe haiwezi kuitumia hivyo. King'amuzi hutaka volti 12, na zaidi ya hayo hutaka umeme wa upande mmoja kama ule wa betri. Pawa ndiyo inayopunguza nguvu hiyo na kuinyoosha. Katika amplifaya za zamani utaiona ni transfoma kubwa nzito ya chuma na shaba, kisha dayodi nne, kisha kapasita nene kama kopo dogo. Katika televisheni na vyombo vya siku hizi ni kijitu chepesi chenye vipande vingi vidogo. Chepesi, lakini kikali kuliko kile kizito. Tutarudi hapo.

Mashine ikikataa kabisa kuwaka, shida iko mahali fulani kwenye njia hii. Tunaanza ukutani tunaelekea ndani, hatua moja moja, bila kuruka.

TUANZE UKUTANI

Usicheke: kwanza uliza kama tokeni zimebaki. Nimeona watu wazima watatu wakigeuza amplifaya juu chini, na nyumba nzima haina stima tangu asubuhi.

Kama stima iko, jaribu soketi ile ile kwa kitu kingine. Watu wengi huchomeka chaja ya simu, ikiwaka wanasema soketi ni nzima. Lakini soma maandishi madogo kwenye chaja: nyingi zimeandikwa volti 100 hadi 240. Maana yake itafanya kazi hata stima ikiwa imedhoofika sana. Nyumba zilizo mbali na transfoma ya kijiji huona jambo hili jioni, wakati kila mtu amewasha. Amplifaya ya transfoma haina uvumilivu kama wa chaja. Ikipata volti 170 itatoa sauti dhaifu iliyokwaruza, na wewe utadhani spika zimepasuka. Kipimo kizuri cha mtu asiye na mita ni balbu ya zamani yenye waya ndani. Ikiwaka kwa wekundu wa makaa, stima ni dhaifu, si mashine. Na ukiona kinyume chake, balbu zote za nyumba zinang'aa kupita kiasi, zima swichi kubwa mara moja na uite kampuni ya umeme. Huenda waya wa kurudisha stima umekatika huko nje, na dakika chache zatosha kuchoma kila kitu kilichochomekwa.

Eksteshoni nayo itazamwe. Ile ya bei rahisi ina vibati vyembamba ndani ambavyo hulegea. Ukiona tundu limekuwa jeusi, au plagi inatoka ikiwa moto, eksteshoni hiyo isiende tena kazini. Wala isifungwe kwa selotepu na kukodishwa.

PLAGI NA FYUZI

Chomoa plagi kutoka ukutani. Usiseme "nimezima swichi." Chomoa, uiweke mbele yako mezani, ndipo ufungue. Ndani utaona waya tatu. Wa kahawia, au mwekundu kwa zile za zamani, ndio unaoleta moto. Nao hufungwa upande wenye fyuzi. Wa buluu, au mweusi, ni wa kurudi. Huwa upande wa pili. Wa kijani chenye mistari ya njano ni wa ardhi, nao hufungwa kwenye mguu mrefu wa juu. Mashine nyingine zina waya mbili tu, na hiyo si kosa kama zimetengenezwa hivyo. Lakini kama mashine ilikuja na waya tatu, msikate wa ardhi ati kwa sababu eksteshoni ina matundu mawili. Waya huo ndio unaomlinda mtu anayeshika maikrofoni.

Vuta kila waya pole pole. Ukitoka, ndio mwenye makosa. Kata ncha iliyochakaa, menya plastiki kidogo, sokota nyuzi zote pamoja, rudisha na ukaze skrubu. Halafu hakikisha kile kibanio cha waya kwenye mlango wa plagi kinashika ganda la nje, si waya za ndani. Plagi ya wale akina mama haikuwa na kibanio kabisa. Kilikuwa kimepotea, na kwa hiyo kila aliyekunja waya alikuwa akivuta shaba.

Sasa fyuzi. Ile ya plagi ni ya udongo mweupe, huwezi kuona ndani. Ipime hivi: chukua betri ya tochi, balbu ndogo ya tochi na vipande viwili vya waya. Fanya balbu iwake kwanza kwa betri. Kisha kata njia na uweke fyuzi katikati. Balbu ikiwaka, fyuzi ni nzima. Isipowaka, imekatika. Hakuna hatari yoyote, na hata mtoto wa darasa la sita aweza kufanya.

Unaponunua nyingine, usichukue tu ile iliyo mbele ya duka. Plagi nyingi huuzwa na fyuzi ya ampea 13, ambayo ni ya pasi na birika. Ampea 13 kwa volti 240 ni zaidi ya wati 3,000. Amplifaya ya wati 60 haitumii hata ampea 1. Ukiiwekea fyuzi ya 13, waya mwembamba wa mashine utawaka kabla fyuzi haijastuka. Fyuzi ya ampea 3 inatosha kwa amplifaya ndogo, televisheni na deki. Kama kitabu cha mashine kinasema namba nyingine, fuata kitabu.

Fyuzi ya pili huwa nyuma ya mashine, karibu na mahali waya unapoingia, ndani ya kikofia cha kuzungusha. Hii kwa kawaida ni ya kioo, na inasema mengi kwa anayejua kusoma. Ukikuta uzi wake umekatika katikati na kioo bado ni safi, huenda ni uzee, au stima ilirudi kwa kishindo baada ya kupotea. Weka nyingine yenye namba ile ile na herufi ile ile. Herufi T ni ya fyuzi inayovumilia kidogo, F ni ya ile inayokatika upesi, zisibadilishane. Lakini ukikuta kioo kimekuwa cheusi au kama kioo cha kujitazamia, uzi haukukatika, ulilipuka. Ndani kuna njia ya mkato. Na fyuzi mpya ikikatika mara tu unapowasha, basi. Usiweke ya tatu. Fyuzi mbili ndiyo bajeti yenu, inayofuata ni kwa fundi.

Kuna watu huweka kipande cha waya, au ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Mashine huwaka kweli, na kijana aliyefanya hivyo husifiwa. Alichofanya ni kuondoa mlinzi mlangoni. Moto ukija, utatafuta mahali pengine pembamba pa kukatikia: ndani ya transfoma, au kwenye waya uliopita juu ya hema ya wenyewe. Kikundi kiwe na sheria juu ya jambo hili, na adhabu iandikwe kwenye kitabu.

KAZI ZA BETRI, SOLA NA JENERETA

Kule ambako nguzo hazijafika, au stima imepotea siku ya shughuli, tunatumia betri ya volti 12. Hapa makosa ni ya namna nyingine. Amplifaya ya wati 60 ikisema kwa nguvu hutaka karibu ampea 5 kutoka kwenye betri, au hata zaidi. Kazi hiyo hiyo kwa stima ya ukutani ni kama robo ya ampea. Ndiyo maana waya unaofaa ukutani haufai kwenye betri.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme betri iko mita 10 kutoka kwenye mashine, na umetumia waya wa kawaida wa taa, wa milimita 1.5. Stima inakwenda mita 10 na kurudi mita 10, jumla 20. Kwa ampea 5, waya huo peke yake unakula zaidi ya volti 1. Betri ina 12.2, mashine inapata 11. Msemaji akinong'ona, sauti ni safi. Akipaza sauti, mashine inakatika. Watu wanasema betri imekufa. Betri haijafa, iko mbali. Isogezeni mpaka miguuni pa mashine, na waya mrefu uwe ule wa spika.

Kama mna mita ya fundi, hata ile ndogo, nunueni na mjifunze. Betri iliyojaa na kupumzika saa chache huonyesha volti 12.6 au zaidi. Ikionyesha 12.2, iko nusu. Chini ya 12, isitoke nyumbani. Kisha pima tena mashine ikiwa inasema, mara moja kwenye vichwa vya betri na mara moja nyuma ya mashine. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo inayopotelea njiani. Mara nyingi mwizi ni ule unga mweupe wa kijani kwenye vichwa vya betri. Fungua, safisha kwa maji moto yenye magadi bila kuyaacha yaingie ndani ya betri, kausha, kaza, paka grisi.

Kuhusu rangi: nyekundu kwenye jumlisha, nyeusi kwenye kutoa. Mashine nyingine zimewekewa dayodi ya ulinzi ambayo hukata fyuzi mara ukikosea. Kwa hiyo fyuzi ikikatika kwa betri peke yake, angalia kama hamkugeuza waya. Na ingawa volti 12 haimrushi mtu, betri ya gari yaweza kuyeyusha bisibisi. Vueni pete na bangili kwanza, na fyuzi iwe karibu na betri, si mwisho wa waya.

Inveta za bei ya chini hutoa stima yenye pembe, si laini kama ya ukutani. Mashine ya transfoma hulalamika kwa mvumo ikipewa stima hiyo. Haijaharibika.

Jenereta ndogo ina tabia mbaya mbili. Huanza kwa kurukaruka, na mafuta yakikaribia kwisha huguna na kupanda ghafula. Washeni injini, ngojeni itulie, ndipo mchomeke mashine. Kumaliza ni kinyume: zima mashine, chomoa, ndipo uzime injini. Asiachwe mtu aongeze mafuta mashine ikiwa inasema, na injini iko moto. Juu ya hilo sitaeleza zaidi, mnajua petroli.

MPAKA WA BISIBISI YETU

Kama soketi ni nzima, plagi ni nzima, fyuzi ni nzima na bado mashine iko kimya, kazi ya kikundi imekwisha. Msifungue mfuniko.

Sisemi hivi ili mafundi wapate kula. Ile pawa nyepesi ya televisheni huchukua stima ya 240 na kuinyoosha kabla ya kuipunguza. Ndani ya kapasita yake hukaa zaidi ya volti 300, na hubaki humo hata baada ya kuchomoa plagi. Dakika kadhaa, na ikiwa kuna kilichokatika ndani, muda mrefu zaidi. Mtu anasema, "Nimechomoa, hakuna stima," anagusa, anatupwa. Televisheni ya zamani yenye chogo ni mbaya zaidi, kwa sababu ile bomba ya kioo hutumia volti 20,000 na zaidi. Wengi wetu tulibaki na televisheni hizo hata baada ya matangazo kuhamia kwenye dijitali mwaka 2015, kwa kuongeza king'amuzi tu. Watoto wasiruhusiwe kuzichezea, hata zikiwa mbovu stoo.

King'amuzi chenyewe kina habari njema. Nyingi za pawa zake ziko nje, ni ile adapta ya ukutani, na ndiyo inayokufa kwanza. Dalili yake ni taa inayopepesa, au king'amuzi kinachojizima na kujiwasha. Mita yaweza kukudanganya hapa: adapta iliyochoka huonyesha volti 12 ikiwa haijabeba mzigo, kisha huanguka ikipewa kazi. Jaribu kwa adapta nyingine. Volti ziwe zile zile. Ampea ziwe sawa au zaidi, zisipungue. Na ule mchoro mdogo wa jumlisha na kutoa ufanane.

MWAMBIENI FUNDI MLICHOKIONA

Fundi aliyepelekewa mashine na neno moja, "imeharibika," ataanza kubahatisha, na kubahatisha kwake mtalipia nyinyi. Mwambieni ilinyamaza lini na kulikuwa na nini: radi, jenereta, kurudi kwa stima. Mwambieni mmekwisha kupima plagi na fyuzi. Fundi mwema hufurahi.

Mvumo nao una lugha yake. Punguza sauti ya amplifaya mpaka mwisho. Mvumo ukiisha, unatoka kwenye maikrofoni au waya wake. Ukibaki pale pale, huenda kapasita za pawa zimekauka. Hiyo ni kazi ndogo kwa fundi, si sababu ya kuuza mashine. Televisheni inayotoa tik, tik, tik bila kuwaka, au inayokubali kuwaka baada ya kupashwa moto nusu saa, mara nyingi ni kapasita hizo hizo. Akifungua mtaona kichwa chake kimevimba kama mandazi. Harufu ya kuungua na rangi nyeusi kwenye transfoma, hapo ndipo neno transfoma linapokuwa na ushahidi.

Muulizeni kama anajaribu mashine kwa kuipitisha kwenye balbu ya zamani ya wati 60 au 100. Mafundi wa jua kali wenye uzoefu huwa nayo juu ya benchi. Mashine ikiwa na njia ya mkato ndani, balbu huwaka sana na kuzuia madhara. Ikiwa nzima, balbu hupiga mwanga mara moja na kufifia. Sisi tusiifanye nyumbani, waya zake ziko wazi. Tena kubalianeni bei kabla, na vipande vya zamani virudishwe kwenye mfuko. Wale akina mama hawakuiona transfoma yao iliyoungua hata siku moja.

RADI

Hapa Kakamega asubuhi ni jua na alasiri ni ngurumo, tunajua. Radi haihitaji kupiga nyumba yako. Ikipiga karibu na waya za nguzo inatosha, na swichi iliyozimwa haiizuii. Chomoeni plagi, na waya wa aerio pia, kwa kuwa wengi huchomoa stima na kuacha mlango wa pili wazi. Fanyeni wingu likiwa bado mbali. Ngurumo zikishafika juu ya paa, acheni vyote, mtu asishike waya.

ZOEZI LA MKUTANO UJAO

Kila mwanachama alete plagi moja kutoka nyumbani, iliyochomolewa. Fungueni zote mezani. Hesabuni ngapi zina fyuzi ya 13 kwenye kitu cha wati chache, ngapi hazina kibanio, ngapi zina waya au karatasi badala ya fyuzi. Rekebisheni hapo hapo. Katibu aandike ndani ya sanduku la amplifaya namba ya fyuzi ya plagi na namba ya fyuzi ya mashine, na fyuzi mbili za kila aina zibandikwe hapo kwa selotepu, pamoja na bisibisi. Asubuhi ya mazishi duka la vifaa vya stima huwa halijafunguliwa.